Mashua Tisa Ndani ya Kabati

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena mimi. Nimeshaona kiboko amelala mbele ya mulango wa benki asubuhi, na wafanyakazi wote wamepanga mustari nje wakimungoja aamuke. Nimeshaona kamyo ya samaki inapinduka, na dereva anatokea dirishani akiwa bado na sigara inayowaka mudomoni. Niko na mashua sita za injini, mashini mbili za kusaga mihogo, kamyo moja ya kwenda Mansa na kurudi, na nyumba ya bati nyekundu ambayo watu wa Kashikishi wanaitumia kuelekeza wageni: pita nyumba ya Kasongo, halafu kata kushoto. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Wale tuliokaa nao benchi moja wakaendelea hadi wakamaliza, wawili kati yao ninawalipa mushahara kila mwisho wa mwezi. Sisemi vile ili kujisifu. Ninasema kwa sababu ni kweli, na ukweli ukiwa muzuri mutu anaweza kuusema mara mbili.

Bon. Mwezi uliopita binti yangu Berna alirudi kutoka Lusaka kwa likizo na kompyuta chini ya kwapa. Akaiweka juu ya meza ya kulia, kati ya sahani, akaniita: “Baba, mukuje muone kitu hamujaona bado.” Nikakuja. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa ndege ya vita, na yeye mwenyewe anaiendesha, inapanda, inalala ubavu, inashuka juu ya maji na kupiga mameli, moshi unatoka. Akanielezea kwamba vijana wanaocheza muchezo huu hawaridhike na vile ulitoka kiwandani. Wanaufungua, wanabadilisha rangi ya ndege, sauti ya bunduki, hata nchi yenyewe. Yeye alikuwa ameondoa bahari ya wazungu na kuweka ziwa letu la Mweru. Alikuwa ameweka hata Kisiwa cha Kilwa. Nikainama, nikaangalia vizuri, nikamwambia: “Kisiwa umekisogeza karibu sana na pwani. Sisi tulikiweka pahali pake.” Akageuka. “Sisi nani?” Hapo Ilunga, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, juu ya magoti, akacheka hadi akalazimika kuweka sahani chini. Ilunga alikuwa amefika siku tatu mbele yake na meli ya kutoka muji wa Kilwa, si kile kisiwa, ng'ambo ya Kongo. Tulikuwa hatujaonana karibu miaka makumi tatu, na kichwa chake sasa ni cheupe sawa unga wa mihogo. “Umuelezee,” akaniambia. “Lakini umuelezee yote, Kasongo. Si ile nusu unayopendaka.” Berna akafunga kompyuta. Nikamuelezea yote, na kwa kuwa nimeshaanza, ninaandika hapa na ile nusu ingine.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nililala katika chumba cha nyuma cha baa ya Mama Vero, pale Kashikishi, nyuma ya soko la samaki. Chumba kilikuwa cha matofali mabichi, nusu yake magunia ya chisense, dagaa wa ziwa letu, iliyokaushwa, nusu ingine makreti ya chupa, na mimi katikati juu ya mukeka. Hadi leo nikisikia harufu ya chisense kavu ninasikia usingizi. Dirisha moja lilielekea ziwa, na chini yake wamama wanunuzi walikuwa wanakaa kungoja mashua, kwa hiyo kila asubuhi niliamuka na habari zote za muji bila kutoka mukekani: nani amekopa nyavu, nani amefukuzwa na muke, nani anaweka mawe ndani ya gunia ili lizidi uzito. Mama Vero alikuwa mwanamuke wa Kasenga ya Kongo, munene, mwenye sauti ya kuita mutu aliye katikati ya ziwa. Alihesabu kwa Kifaransa, alifanya biashara kwa Kiswahili, na alitukana kwa Kibemba, kwa sababu alisema Kibemba kinaingia ndani zaidi. Saa ine ya asubuhi aliweka beseni ya bukari, ugali wa mihogo, mezani, sombe yenye mafuta ya mawese, na samaki mumoja munene wa aina tunayoita pale. Kichwa cha yule samaki alimupa mutu aliyefanya kazi kupita wengine siku ile. Mutu yeyote aliyekula pale atakuambia nani alikula vichwa vingi.

Siku moja alirudi kutoka Copperbelt, alikopeleka samaki, na juu ya kamyo yake kulikuwa kabati. Tulidhani ni kabati la nguo. Klabu moja ya wazungu wa migodi ilikuwa inafungwa, wanauza kila kitu, na yeye alikuwa ametoa magunia ya samaki na falanga, pesa zenyewe, juu ili apate kile kitu, kwa sababu alikiona kinakula sarafu na hakitoi kitu chochote. “Pombe ninanunua, ninauza,” akasema. “Hiki ninanunua mara moja, na kinauza upepo.” Mbele ya kabati kulikuwa kiti kilichofungwa kwa vyuma. Unakaa, unashika fimbo yenye kitufe juu yake, unaangalia kupitia kioo. Ndani kulikuwa pipa la bati limelala ubavu, linazungushwa na mota ya umeme, na juu ya bati muzungu fulani alikuwa amechora dunia ya kwao: bahari ya kijivu, milima yenye theluji, kanisa la munara, na katika bahari manowari tisa. Ndege yako ilikuwa kitu cha bati, urefu wa kidole, ikining'inia kwa waya juu ya pipa. Pipa likizunguka, unaona ndege ndiyo inaruka. Kila manowari ilikuwa na tundu, na nyuma ya tundu lampi nyekundu. Ukipeleka ndege juu ya tundu na kubonyeza pale pale, lampi inawaka, kengele inalia, manowari imekufa. Baada ya dakika mbili mota inasimama, unatia sarafu ingine ao unaamuka wengine wakae.

Kilifika kimekufa, na ni mimi niliyekifufua. Nani mwingine? Fundi wa redio alikiangalia akasema anahitaji kitabu chake. Mimi sikuhitaji kitabu, maana kitabu kingenisumbua. Nilifungua mulango wa nyuma, nikafuata kila waya na kidole tangu unapoanza hadi unapoishia, siku ine, hadi nikaijua sawa njia za kwenda kisimani. Tundu la sarafu lilikuwa limekatwa kwa falanga ya nchi ingine, sarafu yetu ya ngwee kumi inakwama. Nikalipanua kwa tupa. Mama Vero alikuwa na injini ya dizeli kwa ajili ya friji, na kila friji iliposhtuka pipa lilipunguza mwendo na ndege ikawa sawa imelewa. Nikachonga gurudumu jipya la kuvuta mukanda kwa muti ule mwepesi wa kutengenezea maboya ya nyavu, likawa sawa. Halafu bunduki haikuwa na sauti. Vita gani hiyo ya kimya? Nikafunga ndani kopo la maziwa lenye misumari saba, ukibonyeza kitufe linatetemeka. Siku ya kwanza lilipolia, wamama chini ya dirisha waliacha mabeseni yao na kukimbia.

Watu walicheza majuma mawili, halafu wakachoka. Nilikuwa ninapata kumi kwa kila mia ya sarafu zilizoingia, donc, basi, nilisikia kule kuchoka ndani ya mufuko wangu. Mwanamuke mumoja muuza samaki ndiye aliyesema neno lenyewe. Alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, akaangalia manowari. “Mimi nilipe ngwee kumi nizamishe mashua ya mutu simujue? Amenifanya nini?” Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Jioni ile nilienda kumutafuta Ilunga.

Ilunga alikuwa amenipita miaka mitatu, mwembamba, rangi chini ya kucha zote kumi. Alikuwa muchoraji wa mashua. Mugeni hawezi kuelewa hiyo kazi. Kwetu, mashua ya mbao bila rangi ni sanduku. Kila mwenye mashua ana rangi zake, tumbo jekundu na mustari mweupe, ao kijani na nyota, na jina mbele kwa herufi kubwa, na ikiwa bado mbali kabisa wamama wa pwani wameshajua ni nani anakuja na wameanza kupanga bei. Nusu ya mashua za Nchelenge na Kashikishi zilikuwa zimepita mukononi mwa Ilunga. Tukatoa lile pipa, tukakwangua theluji na kanisa kwa muchanga, na juma nzima akachora ndani ya chumba changu, kati ya magunia, akiimba nyimbo za kwaya. Akachora pwani yetu, soko, matete, Kisiwa cha Kilwa pahali pake kabisa, na milima ya Kongo nyuma. Halafu akasimama na burashi.

“Matundu tisa yako mu maji,” akasema. “Mu maji ya Mweru kunakuwaka nini?”

“Samaki.”

“Samaki wa ukubwa huu? Watu watasema sisi ni waongo.”

“Basi mashua.”

“Ndiyo ninayosema. Mashua.”

Na hapo tulifanya kosa letu, wote wawili, bila kujua ni kosa. Haikumuingia Ilunga kichwani hata kidogo kubuni mashua isiyokuwako. Angeibuni kutoka wapi? Alichora mashua tisa alizozijua, zile alizozipaka yeye mwenyewe, kwa makopo yale yale ya rangi yaliyobaki, na majina yale yale, kwa herufi ndogo hadi alitumia unyoya wa kuku. Nilipoziona niliruka kwa furaha. Zilikuwa zile zenyewe.

Lo, siku zile! Mustari ulianza saa tatu asubuhi na kupita kwenye duka la chumvi. Wanunuzi walipiga mashua za watu waliowanyima bei. Wamama walikuja kupiga mashua za waume zao, wakiwataja kwa jina kila kengele ilipolia. “Nimemuzamisha shemeji!” kijana mumoja alitoka akipiga kelele, na shemeji mwenyewe, aliyekuwa nyuma yake katika mustari, akamujibu: “Ngoja nikae nizamishe ya baba yako. Mama yako atauza nguo ya kanisa.” Wenye mashua wenyewe walikuwa na majivuno mwanzoni. Mumoja alikuja kunigombeza kwamba mashua yake haiko. “Mimi niko mudogo kuliko hao?” Nikamwambia matundu ni tisa tu, akaondoka amenuna, akarudi na bata ili nimutobolee la kumi. Bata tulimula. Tundu la kumi sikutoboa, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na lampi. Mama Vero alinunua viti vipya. Mimi nilinunua viatu vyenye kisigino, na nikawa ninatembea sokoni hata nisipokuwa na kitu cha kununua.

Sasa, mashua moja kati ya zile tisa iliitwa Lesa Apele, maana yake Mungu ametoa. Ilikuwa ya Ba Chola, muzee wa kanisa, mutu mutulivu mwenye mabega ya kupiga kasia maisha yote. Tundu lake lilikuwa katikati ya pipa kabisa, pale ndege inapopita yenyewe hata ukiachilia fimbo. Kwa hiyo mulevi alipiga Lesa Apele, mutoto alipiga Lesa Apele, mwenye kufumba macho alipiga Lesa Apele. Nilihesabu siku moja kwa muchezo tu: mara makumi ine na mbili kabla ya jua kushuka. Halafu ukaja mwezi wa upepo wa kusini, samaki wakaenda chini, wavuvi wote wakarudi na nyavu nyepesi. Wavuvi wote, ninasema. Lakini chini ya dirisha langu nilianza kusikia jina moja tu. “Ile ya Ba Chola, mutaona.” “Inakufa kila siku, mama, inakufa mara ngapi? Mashua nayo inachokaka.”

Siku moja nilikuwa pwani kununua samaki wa baa, nikamuona Ba Chola amesimama ndani ya maji hadi magotini, ameshika mashua kwa pua, na vijana wake watatu wako juu ya muchanga hawaingie. Mukubwa wao aliitwa Mwansa, kijana hodari, aliyekuwa na yeye tangu akiwa mudogo. Mwansa alikuwa anaangalia chini.

“Bashikulu, babu yetu, mutusamehe. Hatuwezi kupanda mashua inayozama kila siku.”

“Ilizama lini?” Ba Chola akauliza, pole pole. “Niko nayo hapa. Nimeishika.”

“Muende muone kule baa, mukwai. Hata sasa hivi inazama.”

Pale pale pwani tulisikia kengele. Wote wakageuza vichwa kuelekea baa yetu, na mimi nikaficha uso wangu nyuma ya beseni ya samaki, mimi mwenye viatu vya kisigino. Mutu mumoja hawezi kutupa na kuvuta nyavu za Mweru peke yake. Bila wale vijana Ba Chola hakuwa muvuvi tena, alikuwa muzee mwenye sanduku la rangi.

Hakuja kugombana. Ningefurahi kama angegombana, kwa kugombana nilikuwa hodari. Alikuja siku ya pili, saa sita ya muchana, wakati baa imejaa kabisa, amevaa koti lake la kanisa, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga baa. Akavua kofia. Akaomba kikombe cha munkoyo, togwa ya mahindi isiyolewesha, akakinywa akiwa amesimama, akapanga mustari sawa watu wote. Zamu yake ilipofika akakaa ndani ya kile kiti, akatia ngwee kumi, akashika fimbo kwa mikono miwili. Pipa likaanza kuzunguka. Ndege yake ikaenda huku na huku kama kuku, halafu akaielewa, akaileta juu ya Lesa Apele, na kila pipa lilipoirudisha Lesa Apele alikuwa pale juu yake, akiinama na fimbo sawa anavyoinama na kasia. Hakubonyeza kitufe hata mara moja. Dakika mbili. Mota ikasimama. Akatoa ngwee kumi ingine.

“Ba Chola,” nikamwambia, kwa kuwa watu walianza kupiga makelele nyuma, “mbona hamupige? Bunduki iko hapa juu.”

“Ninajua iko hapo, mwana.”

“Basi munafanya nini?”

“Ninachunga,” akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. “Wakati niko hapa, mwingine hawezi kuipiga.”

Watu walicheka hadi bia ikawatoka puani. Wakamwita Rubani. Alirudi siku ya pili, na ya tatu, kila saa sita, kila mara na sarafu tatu, dakika sita za amani. Nilisikia chini ya dirisha kwamba zile sarafu zilitoka kwa mihogo ya muke wake, kwa sababu samaki hakuwa nao tena. Baada ya juma moja kicheko kilipunguka. Baada ya majuma mawili, watu wa mustari walikuwa wananyamaza akikaa, sawa wanavyonyamaza mutu akiomba. Naye alikuwa amekuwa rubani kweli, huo ndio ukweli: hakuna mutu aliyeendesha ile ndege vizuri sawa yeye, hata mimi. Aliiweka juu ya mashua yake bila kutetemeka hata friji iliposhtuka. Lakini akiamuka tu, anayemufuata anakaa, na kengele inalia. Aliisikia akiwa mulangoni, akivaa kofia. Alisimama kidogo, halafu anaenda.

Unaweza kuuliza kwa nini sikufuta tu ile mashua. Nilimuuliza yeye mwenyewe hilo, na ndiyo siku pekee niliyomuona ameogopa. “Usifute, mwana. Nakuomba. Kupigwa, mutu anaweza kuvumilia. Unifute ziwani, nitakuwa wapi?” Na Ilunga aliposikia akasema ni kweli, yeye hawezi kufuta mashua ya mutu aliye hai, burashi haitakubali. Mama Vero naye alisema Lesa Apele ndiyo inayoleta falanga, kwa sababu hata mujinga anaipata, na mujinga ndiye anayerudi.

Kwa miaka makumi tatu nilielezea watu kwamba lampi ya Lesa Apele ilikufa yenyewe. Ndiyo ile nusu Ilunga aliyoisema. Mutu wa aina yangu anaweza kusimulia namna alivyomushinda muzungu kwa bei ya nyavu, namna alivyolala ndani ya matete na mamba wawili. Lakini kusema kwamba siku moja aliamuka asubuhi, baa bado imefungwa, akafungua mulango wa nyuma wa kabati na kukata waya kwa koleo kwa sababu ya muzee mumoja wa kanisa, hiyo mudomo wangu ulikataa. Nilijiambia nimechoka na ule ujinga. Nilijiambia ni kujaribu tu, nitauunganisha kesho. Ulikuwa waya wa manjano, wa tano kutoka kushoto. Nilikata, nikafunga mulango, nikafagia sakafu ya baa vizuri kuliko siku yoyote.

Saa nne mupiga wa kwanza alikuwa mununuzi wa kutoka Mansa, mwenye kujisikia. Akapita juu ya Lesa Apele, akabonyeza, misumari ikalia ndani ya kopo. Kengele kimya. Akarudia. Kimya. Akapiga kabati kwa ngumi. “Mashini yenu imekufa!” Nikamwambia ajaribu ingine, akapiga ya pembeni, kengele ikalia safi. Akarudi kwa Lesa Apele, mara sita, mara saba, jasho linamutoka. Mutu mumoja mulangoni akasema kwa sauti ndogo: “Haizame.” Mwingine akasema kwa sauti kubwa. Kabla ya saa sita soko lote lilijua, wamama wameacha mizani, wavulana wanapanda madirishani, na Ba Chola alipofika na koti lake na sarafu zake tatu watu walimuachia njia katikati. Akakaa. Akachunga dakika zake sita. Halafu yule mununuzi wa Mansa akatoa ngwee kumi yake mwenyewe, akampa mutu wa nyuma, akasema apige, apige mbele ya muzee. Akapiga. Ikawa kimya. Ba Chola aliangalia kioo muda murefu, halafu akaniangalia mimi, na mimi nikaanza kupanguza glasi iliyokuwa imeshapanguzwa. Nyuma ya watu alikuwa Mwansa. Asubuhi iliyofuata, kutoka dirisha langu, niliona Lesa Apele inatoka na watu wane ndani. Walirudi na samaki sawa watu wengine, si wengi, si wachache.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimeanza. Jioni ile ile walikuja wenye mashua wale wanane, wakakaa mustari mumoja ukutani sawa watu wa kesi.

“Kasongo, ulifanya nini na ya Chola?”

“Mimi? Lampi ilikufa yenyewe.”

“Vizuri,” akasema mumoja. “Ua na ya kwangu.”

“Vijana wangu leo wamekataa,” mwingine akasema. “Wanataka kupanda ile isiyozama. Sisi tutavua na nani? Na mabibi zetu?”

Mama Vero akanivuta nyuma, kati ya makreti. Hakutukana. Hapo nikajua ni mambo makubwa. “Sikia, Kasongo. Mimi si mujinga, nimeona ule waya. Unaunganisha ule mumoja, kila kitu kinarudi sawa. Ukikata ile minane, hiki kitu ni kabati ya nguo, na weye huna kazi kwangu. Chagua.” Kupitia mulango niliwaona wale wanane na kofia zao juu ya magoti. Nilifikiri juu ya viatu vyangu, chumba changu, kichwa cha samaki. Nilifikiri juu ya Mwansa aliyerudi mashuani, na kwamba nikiunganisha, kengele italia kesho saa nne na wale vijana watashuka tena, na safari hii hawatapanda. Nikachukua koleo. Nilikata mbele yao, mumoja mumoja, nikitaja jina la mashua kila nilipokata, na kila mutu aliposikia ya kwake akasema “mukwai”, neno letu la heshima, na kuvaa kofia.

Siku chache watu walikuja bado, kuruka tu juu ya ziwa bila vita, na ninakuambia walifurahi. Lakini mutu hawezi kulipa kila siku kuangalia muji wake. Juma la pili kiti kilikuwa kitupu. Mama Vero aliniita mezani saa ine ya asubuhi, hakukuwa na samaki mbele yangu, akaniambia kile kitu sasa ni changu na bei yake ni ile aliyoitoa yeye, na kamyo, na dizeli. Sikupunguza hata ngwee moja. Mimi! Nilitoka na mukeka wangu, nikashuka pwani. Nilitaka kwanza kumurudishia Ba Chola sarafu zake, nilizifunga ndani ya kitambaa, lakini alizisukuma. “Zile nilisafiri nazo,” akasema. “Niliruka juu ya mashua yangu, mwana. Baba yangu aliwahi kuruka?” Halafu akaangalia mikono yangu, laini ya mutu wa baa, akasogea kwenye ubao ili nipate mahali pa kukaa.

Nilivuta nyavu ndani ya Lesa Apele miezi kumi na moja, kati ya Mwansa na mukono wa kasia, hadi mikono ikapasuka na kupona na kupasuka tena, na kila Jumamosi nilipanda hadi baa na kumupa Mama Vero sehemu yangu. Mota ya lile kabati, lililobaki nje, iliungua ndani ya mvua, muchwa ukala kiti, na lile pipa Ilunga mwenyewe alinisaidia kulisimamisha kuwa jiko la kukaushia samaki. Jumamosi ya mwisho Mama Vero alikunja falanga ndani ya kitenge chake na kusema tumemalizana. Jumla yake, pamoja na dizeli, ilikuwa kwacha mia moja makumi ine na saba, na ngwee makumi tatu na tano.